Machale yamecheza, mkeka umechanika

Kila Jumamosi kijiweni kwetu hakosi mtu ambaye machale yamemcheza tangu alfajiri. "Leo Arsenal hatoki." Machale ya mpira nayapenda, Dabi ya Kariakoo bila hayo haina ladha. Kinachoniuma ni kuyawekea hela ya unga kwenye mkeka, yaani tiketi ya kubeti ambayo mechi zake zote lazima zitiki ndipo ulipwe.

Fikiria tunashindana na nani. Matthew Benham, mmiliki wa klabu ya Brentford, alitajirika kwa kubashiri mpira kwa hesabu. Tony Bloom wa Brighton vilevile. Brentford ilirudi daraja la juu England mwaka 2021, baada ya miaka 74. Watu hawa hawaishii kwenye matokeo. Hupima nafasi za kufunga ambazo kila timu ilitengeneza, kwa sababu bao laweza kuingia kwa kumgonga beki mgongoni. Timu inaweza kushinda mara tatu mfululizo huku ikizidiwa kila mechi. Sisi tunaona ushindi mara tatu, machale yanapanda.

Na odi unayoiona kwenye simu, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, imeshapita kwenye hesabu za namna hiyo. Weka kwenye mkeka mmoja mechi kumi "za uhakika", kila moja odi 1.40. Tuseme kila moja ina nafasi ya asilimia 70 kweli. Zizidishe zote kumi: unabaki na asilimia 2.8. Yaani ukisuka mikeka 100 ya shilingi 1,000, itakayotiki ni kama mitatu, na mitatu hiyo, odi zake kumi zikizidishwa, inakurudishia 86,000 na ushee, kabla ya kodi. Umetoa 100,000. Ndiyo maana mkeka "unachanwa na mechi moja" kila wiki. Si mkosi wala kurogwa.

Kocha ni habari nyingine. Anawaona wachezaji wake kila siku mazoezini, anajua nani kachoka kabla namba hazijasema. Ila hata yeye, tunachokiita machale mara nyingi ni kazi iliyofanyika mapema. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2014, kocha wa Uholanzi Louis van Gaal alimtoa kipa Jasper Cillessen dakika ya mwisho kabisa ya nyongeza, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul aliruka upande sahihi penalti zote tano za Costa Rica, akapangua mbili. Wengi tuliona kamari. Kumbe Krul alishaambiwa kabla ya mechi ajiandae, na wapigaji walishachunguzwa.

Rafiki yangu mmoja nilimwomba aandike kila mkeka kwenye daftari, uliotiki na uliochanika, pamoja na dau lake. Aliandika wiki sita. Ule mmoja uliotiki alikuwa anaukumbuka timu kwa timu. Ile mingine alikuwa ameisahau kabisa, mpaka alipoikuta kwa mwandiko wake mwenyewe, kurasa nne.