Lifti imezimwa kuokoa dizeli, sasa Mama mkubwa apandaje?

Wadau, kuna watu huko nyumbani wanaamini Marekani ukiwa na ulemavu kila kitu unapewa bure. Si kweli jamani. Mimi naishi kwenye kondo (condo, jengo la ghorofa ambalo kila mtu anamiliki flati yake) huku Columbus, Ohio, na nimo kwenye bodi ya wamiliki, kwa hiyo maombi ya watu wenye ulemavu yanapita mbele yangu, mengine ya maana na mengine ya mtu kanunua mtandaoni barua ya kudai ana ulemavu unaohitaji mbwa, ili mbwa wake aingie jengo lisiloruhusu mbwa (hawa wananiudhi kuliko maelezo).

Sheria yao ya kuzuia ubaguzi kwenye makazi ni ya 1968, ila watu wenye ulemavu waliingizwa 1988. Ukitaka bodi ilegeze kanuni, tuseme paking ni ya aliyewahi na wewe magoti yamegoma unaomba nafasi moja karibu na mlango iwe yako, hapo bodi ndio inachora rangi na kuweka kibao kwa hela ya jengo. Lakini ukitaka vyuma vya kushikia bafuni kwako au rampu mlangoni, bodi inatakiwa ikuruhusu kama hali yako inahitaji, ila fundi unamlipa mwenyewe, na bei ya fundi huku we acha tu.

Ninachokipenda ni jinsi ombi linavyopokelewa. Hata ukimwambia meneja kwa mdomo mkikutana kwenye korido, limehesabika. Kama ulemavu unaonekana na shida yenyewe iko wazi hatukuombi cheti, kama hauonekani tunaweza kuomba barua ya dokta kwamba unakihitaji hicho kitu, basi, ugonjwa gani hayatuhusu. Kuna mjumbe mwenzetu alitaka kujua jirani "anaumwa nini hasa", wakili alimkata kauli hapohapo. Na ukizungushwa una mwaka mzima wa kupeleka malalamiko wizara ya nyumba ya serikali kuu bila kulipa senti, ndio maana bodi zinajibu fasta. Upendo haupo hapo, wanaogopa kesi, na mimi woga huo naupenda.

Maana upendo wa huku mtautafuta sana. Theluji ikianguka, gari la kuzoa linaisukuma yote mpaka kwenye ile ile paking ya mlemavu, lundo linafika kiunoni, kibao cha bluu kimechungulia juu, na majirani wanapita na kahawa zao kila mtu na gari lake, hakuna hata mmoja anayeshika koleo. Mwenye nafasi anapiga simu kwa meneja, meneja anaipigia kampuni, kampuni inakuja kesho yake.

Sasa njooni Upanga, Dar es Salaam. Mama mkubwa anakaa ghorofa ya nne, kiharusi kilimpata na sasa yuko kwenye kiti mwendo. Umeme ukikatika jenereta inawasha taa za ngazi na pampu ya maji, lifti wanaizima kuokoa dizeli. Vijana wa ghorofa ya pili pamoja na mlinzi wanambeba na kiti chake hadi mlangoni huku wanamtania, "Bi mkubwa leo umepungua," na ukiwapa hata hela ya soda wanakataa. Hicho kitu huku sijakiona na sitegemei kukiona.

Lakini siku ya mazoezi ya hospitali umeme haupo na vijana wako kazini, hatoki. Na mwenyewe siku hizi anaanza kusema acheni kuwasumbua watoto wa watu. Kaka, mtoto wake, alilipeleka kwenye kikao cha wamiliki, mwenyekiti akamjibu kwa upole kabisa, "kwani hamwezi kumtafutia flati ya chini?" na watu wakaitikia. Kauli hiyo ingetoka kwenye kikao chetu huku na ikaingia kwenye muhtasari, wakili wa jengo angepanda presha.

Msiniambie Tanzania hatuna sheria, ya umiliki wa sehemu za jengo ipo tangu 2008 na hiyo ndio inayotambua umoja wa wamiliki, na ya watu wenye ulemavu ipo tangu 2010. Simwambii mtu akimbilie mahakamani na majirani anaoshinda nao misibani, hata mimi nisingefanya. Ila jambo la kumtoa mtu nyumbani kwake haliwezi kutegemea kama kina Juma wapo au hawapo.

Kaka nimemwambia aandike barua isiyo na neno huruma hata moja. Umeme ukikatika lifti iwashwe nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, mlinzi awe na ufunguo aiwashe pia akipigiwa simu, na dizeli inayozidi igawanywe kwenye service charge ya flati zote 24, yake Mama mkubwa ikiwemo. Mwenyekiti akikataa, akatae kwa maandishi na sababu aiweke.