Simu Ikininyamazia, Initajie Sababu

Mwezi uliopita mama alinitafuta saa saba usiku asinipate. Presha ilikuwa imempanda, majirani ndio waliompeleka hospitali. Simu yangu nimeipangia kanuni: kuanzia saa nne usiku, nyamaza, isipokuwa akipiga mama. Usiku ule simu yake ilikuwa imeisha chaji, akaazima ya jirani. Kanuni ikafanya ilichoambiwa: namba ngeni, kimya.

Iliniuma sana. Lakini asubuhi nilifungua mipangilio, nikausoma mstari ule, nikaliona pengo. Nikaongeza: anayepiga mara mbili ndani ya dakika 15, simu iite.

Ndiyo maana bado nazitetea kanuni za "kama hivi, basi vile" kwenye vifaa vinavyotambua mahali ulipo na unachofanya. Mwaka 1994 watafiti wa kompyuta Bill Schilit, Norman Adams na Roy Want walieleza mfumo uliotumia beji za miale ya infraredi kujua nani yuko chumba gani. Beji moja ilibandikwa kwenye mashine ya kahawa jikoni, na mstari mmoja ukaiagiza kompyuta iwike kama jogoo kila mtu anapotengeneza kahawa. Mstari wenyewe ulikuwa na vitu vinne: beji, mahali, tukio, kitendo. Jogoo akiwika, unajua kwa nini amewika.

Siku hizi simu inajifunza mazoea yako yenyewe, inafunga programu, inachelewesha ujumbe, na ukitafuta sababu huioni popote. Wanaoutetea mtindo huo husema kanuni zikizidi zinagongana, na hapo wana haki. Moja inasema uko kikaoni, nyamaza; nyingine inasema mwalimu wa mwanao akipiga, ita. Lazima mtu aamue ipi itangulie. Basi aamue mwenye simu, kwa sababu ndiye mwenye mtoto.

Na hili si jambo gumu. Miaka ya 1970, pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, programu ya MYCIN ilikuwa na kanuni zipatazo 600 za kuwashauri madaktari kuhusu maambukizi ya bakteria. Daktari aliweza kuiuliza "Kwa nini?" nayo ikamwonyesha kanuni iliyokuwa ikiifuata. Simu iliyo mfukoni mwangu ina nguvu kuliko kompyuta ile. Nataka swali hilohilo, kwa Kiswahili, kila inapoamua jambo kwa niaba yangu.

Mama nimeshamwambia: "Ukiona sipokei, mama, piga tena hapo hapo."