Pua yangu ina sifuri yake

Ndiyo, ni mimi. Acheni kunitumia ile sauti, nimeshaisikia. Yule mtu wa Katuba, ambaye hadi jana mchana nilikuwa namwita rafiki, anatangaza Lubumbashi nzima kwamba mashini ilining'ata pua. Haikuning'ata. Ilinigusa. Ingening'ata mngekuwa mnanichangia pesa za hospitali, si mnanichekea.

Ile freze yetu, mashini ya kukata chuma, mnaijua. Nzee, haina kibanda wala kioo, lakini tuliing'oa ubongo wa zamani tukaiwekea LinuxCNC, programu ya kompyuta inayoiendesha, na mwezi huu patron amenunua palpere, kile kidude kinachogusa chuma ili mashini ijue kilipo. Tangu siku hiyo mimi sikaliki. Kila anayeingia ateliye lazima nimwoneshe, hata mama anayetuletea bukari ameshaoneshwa, akasema "ni vizuri" na kudai sahani zake.

Jana akaja papa mmoja kutoka Likasi, ana kipande cha chuma anataka flanshi ya pompi, ile sahani ya chuma yenye matundu ya kuungia. Shati jeupe, limepigwa pasi mpaka grisi yenyewe inaliogopa. Ana haraka. Patron naye amesimama mlangoni, macho kwenye saa, maana kuranti, yaani umeme, ikikatika katikati ya kazi tunaanza upya. Nikafunga chuma kwenye etau, nikaweka palpere, nikaona leo nitamshangaza huyu mzee, naye atanikumbuka. La pili limetimia.

"Papa, zamani tulikuwa tunatafuta sifuri, pale mashini inapoanzia kuhesabu, kwa karatasi ya sigara. Unashusha freze, kisu chenyewe, polepole, unavuta karatasi, ikikwama umefika. Sasa hivi mashini inajitafutia yenyewe."

"Kweli?"

Hilo "kweli" ndilo lililonimaliza. Mtu asiwaambie mafundi "kweli?" kwa sauti ya kupendezwa, tunapotea. Nikaanza kumfundisha. Nikamwonesha kigololi chekundu cha nchani, rubi ya kiwandani. Nikamwambia ndani kuna vijiti vitatu vimekalia sehemu zake, ukisukuma ncha kidogo tu, upande wowote, mguso unaachia, umeme unakatika, mashini inasimama na kuandika ilikuwa wapi wakati huo, kwenye visanduku vyake vya kumbukumbu: X kwenye 5061, Y kwenye 5062, na Z, ya juu na chini, kwenye 5063. Nikamtajia hadi David McMurtry, aliyeibuni mwaka 1972 kule Uingereza kwa sababu ya mabomba ya mafuta ya injini za ndege ya Concorde. Concorde! Mzee amekuja kutafuta flanshi.

Sasa sikilizeni, nyinyi wa Kolwezi mnaojifanya mafundi, mtaniuliza: kugusa mara ya pili kulikuwa wapi? Kwa kawaida programu inagusa mara moja kwa haraka, inarudi nyuma kidogo, inagusa tena polepole, na hiyo ya pili ndiyo inayohesabiwa. Nilikuwa nimeufunga ule mstari ndani ya mabano ili tuokoe muda, na kilicho ndani ya mabano mashini inakiona kuwa maelezo tu, inapita. Patron alikuwa anaangalia saa, nimewaambia.

Nikabonyeza. G38.2, shuka Z hadi uguse kitu, milimita 100 kwa dakika. Hiyo haifiki milimita 2 kwa sekunde. Kobe angeisubiri. Na kwa sababu ni polepole hivyo, mimi nikapata muda wa kuharibu.

"Papa, inama hapa, uangalie ile nafasi kati ya rubi na chuma."

Papa hakuinama. Ana shati. Nikainama mimi, kumwonesha inavyofanywa. Nikaingiza kichwa pembeni ya etau, shavu karibu na chuma, kisha nikageuza uso juu kumtazama yeye, kwa sababu fundi mwenye heshima anazungumza huku anamtazama mteja. Nikaendelea: "Uzuri wake, Papa, haikosei hata mikroni moja..."

Kitu cha baridi kikanitua juu ya pua.

Hakikuuma. Ndiyo sehemu inayonisumbua hadi leo, hakikuuma hata kidogo. Kilitua kwa adabu, mahali pale mfupa unapoishia na nyama inapoanza. Nikaona rubi kwa macho yote mawili, yamekutana katikati. Taa ndogo ya palpere ikabadilika. Mashini ikasimama. Ateliye yote ikanyamaza, nikasikia pampu ya maji ya sabuni ikikoroma peke yake. Halafu Z ikapanda juu taratibu, imeridhika, na mimi bado nimeinama, mdomo wazi kwenye "moja".

Papa akapiga makofi.

Jamani. Alipiga makofi. Yeye alikuwa upande ule mwingine, aliona kitu kinashuka, kinasimama, kinapanda. Na mwanafunzi wangu kwenye ekrani akasoma kwa sauti: "Yaya, 5070 inasema 1!" Yaya ni mimi, kwetu ni mkubwa wako, na 1 maana yake imegusa. Ile 5070 ni namba mwaminifu sana: ikigusa inaandika 1, isipogusa inaandika 0. Haikuulizwa imegusa nini.

Ningesema hapo hapo, ingekuwa hadithi fupi. Nikanyanyuka, nikajifuta pua na mkono wa koti, nikasema: "Umeona, Papa?"

Mstari uliofuata ni G10 L20, ambao unaiambia mashini: ulipo sasa ni juu kiasi hiki ya pale ulipogusa, na pale ndipo sifuri. Tukatoa palpere, tukaweka freze, urefu wake uko kwenye jedwali, kila kitu safi. Nikawasha.

Maji yakafunguka. Freze ikashuka, ikafika nusu milimita chini ya pua yangu, na ikaanza kazi. Kwenda, kurudi. Kwenda, kurudi, kwa mpangilio wa ajabu, kama mama anayefuta meza ambayo haijaliwa. Chuma kiko chini kinaoga. Mwanafunzi akaniangalia. Mimi nikaangalia bati la paa.

"Mwanangu," papa akasema, "iko nakata nini?"

"Iko najipasha moto, Papa."

Akanyamaza mpaka freze ikamaliza uso mzima. Mashini ikahamia kwenye matundu, ikatoboa matundu sita hewani, kwa kila moja inashuka, inapanda, inanyunyiza maji. Kwenye la nne yule mzee akakunja mikono ya shati, polepole, mmoja halafu mwingine.

"Mimi nilisukuma tour ya mkono, ile ya kukereza chuma, kabla mama yako hajaolewa. Maganda ya chuma yako wapi?"

Hapo ndipo mwanafunzi alipoanguka chini. Alianguka kweli, akashikilia mguu wa meza, na kutoka chini akasema ile sentensi ambayo mmeisikia wote: "Papa, ilipima pua ya yaya!" Na yule wa Katuba alikuwa ameingia kuazima funguo. Siku nzima hakuwa na shughuli, akaingia dakika ile.

Mengine ni ya haraka. Nilifungua mabano, tukapima upya, flanshi ikatoka vizuri, kuranti ikakatika wakati papa anahesabu pesa. Patron hakusema kitu, ambayo kwake ni hotuba. Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha pili ilikuwa milimita 38.214. Hiyo ndiyo pua yangu, juu ya chuma, hadi elfu ya milimita. Ukiniuliza kimo changu mwenyewe nitakujibu kwa kukisia.

Na mwanafunzi, mtoto ambaye nimemlisha, kabla hatujapima upya aliihifadhi ile sifuri ya pua. LinuxCNC ina nafasi tisa za sifuri, kuanzia G54 hadi G59.3, na ile ya mwisho hakuna anayeitumiaga. Ameiweka pale. Zinaandikwa kwenye faili, mashini ukiizima na kuiwasha bado zipo. Leo asubuhi patron amepita kwenye ekrani, ameona G59.3 ina namba, ameuliza hii ni kazi ya mteja gani, na kama ameshalipa.