Kuwapima watoto moyo shuleni: sindano ya mwezi ujao ataichoma nani?

Siku hizi kifaa cha kupiga picha ya moyo, yaani eko, kinaingia mfukoni na kuunganishwa na simu. Kwa hiyo wapo wanaosema muda umefika wa kuwapitia watoto wote shuleni, tuwakute wenye ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi kabla hawajazidiwa. Wengine wanajibu kwamba nchi ambayo zahanati zake hukosa dawa za kawaida haina sababu ya kwenda kutafuta wagonjwa wapya. Nimezipima hoja zote mbili, na naona kila upande umeshika kipande cha ukweli.

Ugonjwa wenyewe huanza na jambo ambalo wazazi wengi hawalitilii maanani: koo kuuma. Mtoto anasukutua maji ya chumvi, siku tatu baadaye yuko uwanjani anacheza. Lakini bakteria wa streptokoka wasipouawa kwa penisilini, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo na milango ya moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikijirudia, milango inapata makovu, inashindwa kufunguka au kufunga sawasawa. Miaka inapita bila dalili. Kisha msichana anapata mimba, damu inaongezeka mwilini, moyo unaelemewa, anaanza kukosa pumzi usiku. Utafiti wa REMEDY, uliofuatilia wagonjwa wa nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, ulikuta nusu yao hawajavuka miaka 28. Ndani ya miaka miwili, karibu 17 katika kila 100 walikuwa wamefariki.

Wanaotetea upimaji wana ushahidi mzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa nchini Msumbiji, daktari akisikiliza kwa stetoskopu na kuthibitisha kwa eko, alipata watoto 2.3 wenye ugonjwa katika kila 1,000. Kila mtoto alipopigwa eko, idadi ikawa 30.4. Yaani sikio la daktari lilikuwa likiwaacha wengi mno.

Ila kumwona mgonjwa ni jambo moja, kumsaidia ni jingine, na hilo la pili lilisubiri jibu hadi Gulu, kaskazini mwa Uganda. Kuanzia mwaka 2018 watafiti waliwapima watoto 102,200 wa miaka 5 hadi 17. Wa kutiliwa shaka walikuwa 3,327, na baada ya vipimo vya kina waliothibitika kuwa na dalili za awali kwenye milango ya moyo walikuwa 926. Zaidi ya 800 kati yao waligawanywa makundi mawili: moja likachomwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki nne, jingine halikuchomwa. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 33 wasiochomwa, sawa na asilimia 8.2. Kwa waliochomwa ni watoto 3 tu, asilimia 0.8.

Matokeo hayo yanatia moyo kwelikweli. Hata hivyo yasomwe pia kutoka upande wa pili. Zaidi ya watoto 90 katika kila 100 ambao hawakuchomwa hawakuzidiwa ndani ya muda huo. Ili kumkinga mtoto mmoja, ilibidi kuchoma 13. Kila mmoja akipata sindano 26 kwa miaka miwili, hizo ni sindano 338, na aliyewahi kuchomwa penisilini hii pajani anajua inavyouma. Tena watoto wale walikuwa na wasimamizi na vikundi vya kusaidiana. Mtoto wa kawaida atategemea nauli ya mama yake, chumba cha sindano kilicho wazi siku hiyo, muuguzi asiyeogopa mzio wa penisilini, na dawa iliyopo kabatini. Hilo la mwisho si dogo: dawa hii ni ya bei rahisi mno, faida yake ni ndogo, na duniani inategemea viwanda vichache. Kimoja kikiyumba, uhaba unafika hadi vijijini.

Kwa hiyo hofu yangu ni mtoto atakayeambiwa ana ugonjwa wa moyo, azuiwe kukimbia na wenzake, nyumbani waanze kumtazama kama mtu wa kufa, kisha sindano yake ya tatu isipatikane. Mtoto huyo tumemwongezea mzigo bila kumpa kinga.

Lakini siwezi kukubali kwamba jibu ni kukaa kimya. Upasuaji wa milango ya moyo upo, Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na Kampala katika taasisi ya moyo iliyopo Mulago, lakini nafasi hazilingani na wahitaji. Hata anayewekewa mlango wa chuma hutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara, kipimo ambacho wengi wa vijijini hawana karibu. Ukiyaweka hayo mbele yako, sindano 338 si nyingi.

Rwanda imeonyesha kwamba hili halihitaji daktari bingwa kila wilaya. Wauguzi wa hospitali za wilaya walifundishwa kupiga eko na kuwafuatilia wagonjwa wa moyo kliniki. Mwaka 2022 mawaziri wa afya wa Afrika walipokutana Lomé, Togo, waliupitisha mpango wa PEN-Plus, wa kupeleka matibabu ya magonjwa sugu mazito hadi hospitali za wilaya, uliojengwa juu ya uzoefu wa namna hiyo.

Naona ubishi wa kupima au kutopima unatupotezea muda, kwa kuwa kinachokosewa ni mpangilio. Kila wilaya ina wagonjwa ambao tayari wanajulikana. Waandikwe kwenye daftari moja, wapigiwe simu wasipofika. Wilaya itakayoonyesha kwamba kwa mwaka mzima hao wamepata angalau sindano nane katika kila kumi, ipewe vifaa vya eko na ianze na shule zake pamoja na kliniki za wajawazito. Isiyofikia hapo ipewe kwanza penisilini na muuguzi wa kusimamia daftari.