Chupa ya Maua

Mimi ni mtu wa Mbagala, Dar. Baridi naijua ya kwenye friji. Kwa hiyo dada yangu aliyeolewa Njombe aliponipigia simu mwishoni mwa Agosti akaniambia, "Njoo bwana, kipupwe kinaisha, wapwa zako wamekusahau hata sura," mimi nikashika hilo neno "kinaisha" nikakata tiketi.

Basi lilinishusha usiku. Nilipofungua mdomo niseme "kamwene" nionekane mwenyeji, ukatoka mvuke kama wa sufuria. Wapwa watatu walikuja kunipokea. Kitinda mimba, miaka minne, kavaa kaptula na ndala. Ananishangaa mimi mwenye sweta mbili na taulo shingoni.

Tuliota moto wa jiko la mkaa sebuleni, kisha dada akalitoa nje kabla ya kulala, maana hewa ya mkaa huua watu usingizini. Nikalisindikiza kwa macho kama ndugu anayesafiri.

"Kesho Jumamosi jumuiya inasali hapa saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Uamke mapema uoge. Nitakuwekea maji ya moto kwenye chupa, jikoni."

"Mjomba, uchukue ile ya maua," akadakia yule wa miaka sita.

Saa kumi na moja alfajiri naamka, umeme hakuna, simu imezima. Nikapapasa hadi jikoni, nikawasha njiti ya kiberiti. Mezani chupa tatu za chai, na zote zina maua! Waridi jekundu, waridi jekundu, waridi jekundu. Njiti ikaniunguza kidole, ikazimika. Nikabeba ya katikati, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzito.

Bafu lao liko nje. Kwenye ndoo palikuwa na maji kidogo ya baridi, nikamimina chupa nzima, lita tatu. Ikaja harufu ya tangawizi. Nikasema moyoni, huyu dada mchapakazi jamani, keshaanza kupika chai saa hizi! Nikajimwagia. Sijawahi kuoga maji yanayobembeleza mwili namna ile. Sabuni ilikataa kutoa povu, nikailaumu sabuni. Nikalamba midomo nikaona mitamu, nikadhani ndiyo raha yenyewe. Kuna kitu laini kikaning'inia sikioni, nikakipangusa.

Kumbe ni utando wa maziwa. Hilo nililijua chumbani kulipopambazuka, taulo jeupe la wageni lilipokuwa na rangi ya maandazi na nywele zangu zimesimama kama zimepakwa gundi. Nikachungulia pipa la maji pale uani. Nikachovya kidole kimoja, nikakitoa haraka. Nikarudi ndani nikavaa sweta zangu zote mbili juu ya utamu wangu, nikafunga zipu ya jaketi hadi kidevuni.

Wanajumuiya wakaja, mabibi wamejifunga mablanketi, tukasali rozari. Kila nilipopiga ishara ya msalaba kwapa lilikuwa linanata na kuachia, linanata na kuachia. Kitinda mimba alikaa mapajani kwangu, katulia isivyo kawaida yake.

Ikaja zamu ya chai na viazi vya kuchemsha. Chupa ya kwanza, salama. Ya pili ikamiminwa kwenye kikombe cha bibi mmoja mzee. Akakipuliza, akakitazama, akakizungusha.

"Mwanangu," akamwambia dada, "majani yamekwisha, au ndiyo chai ya Dar hii?"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Mimi nikamenya kiazi kwa bidii.

Dada kashika kiuno. "Nani kachezea chupa zangu? Chai ilikuwa chupa mbili, maji moja!" Akawakazia macho wanawe. Mkubwa akaapa. Wa miaka sita hakuapa. Alinitazama tu, akahamisha macho kwenye nywele zangu, akaziba mdomo kwa mkono. Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, niko tayari kuwaacha watoto wa watu wachapwe kwa ajili yangu.

Ndipo yule mdogo, ambaye muda wote kumbe alikuwa ananinusa mkono, akaulamba. Akaulamba tena, kuhakikisha.

"Mama! Mjomba mtamu!"

Kimya. Yule bibi akaweka kikombe chini, akainama kunielekea, akavuta pumzi taratibu.

"Na tangawizi mmeweka," akasema.