Laptopu ya okazioni: kuifufua au kuiuza?

Mpiga picha za ndoa wa Lubumbashi mara nyingi anakula kwa vyombo viwili vya okazioni: kamera iliyokwisha kupita mikononi mwa wawili watatu, na laptopu iliyokuja ndani ya kontena kutoka Ulaya au Dubai. Kamera bado inapiga vizuri. Laptopu ndiyo inayomtia aibu mbele ya bibi harusi anayetaka kuona picha zake leo. Fundi anamwambia: weka SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka), ongeza RAM (memori ya kazi), mashini itaamka. Muuzaji anamwambia: usitupe dola kwenye maiti, uza, ongeza kidogo, chukua ya karibuni. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, kwa hiyo tuwaache pembeni tuangalie vyuma vyenyewe.

Kuhusu diski, fundi ana haki. Diski ngumu ya laptopu, ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika, inaweza kusoma faili moja kubwa kwa kasi ya megabaiti 100 hivi kwa sekunde. Lakini programu ya kuhariri picha inaita maelfu ya vifaili vilivyotawanyika, na kichwa cha diski kinapokimbia huku na huko, kasi inashuka hadi karibu na megabaiti moja. SSD haina kichwa cha kukimbiza. Hata mashini ya zamani yenye SATA (njia ya kuunganisha diski) ya kizazi cha pili, isiyopitisha zaidi ya megabaiti 300 kwa sekunde, inabadilika waziwazi. Kulipia SSD yenye kasi kuliko zote dukani kwa ajili ya mashini hiyo ni kazi bure.

Kwenye RAM, fundi huyohuyo anaahidi mno. Kabla ya kumlipa, fungua picha zako kama kawaida, kisha ufungue Gestionnaire des tâches, dirisha la Windows linaloonyesha mashini inatumia nini. Ukiona diski iko asilimia 100 na memori asilimia 60, RAM haina kosa. Kutoka gigabaiti 4 kwenda 8 utasikia tofauti. Kutoka 8 kwenda 16 ni kwa anayepanga tabaka nyingi juu ya faili za RAW, yaani picha ghafi za kamera. Windows ya biti 32 haitakusaidia kutumia zaidi ya 4 hata ukijaza nafasi zote mbili. Kisha kuna mtego wa volti. HP EliteBook 840 G1, ambayo ni Intel ya kizazi cha nne, inataka RAM ya aina ya DDR3L, ya volti 1.35. Bareti (kipande cha RAM) ya DDR3 ya volti 1.5 ina pengo palepale, inaingia bila kulazimishwa, halafu skrini inabaki nyeusi na taa ya Caps Lock inametameta. Soma karatasi ya bareti kabla ya kutoa pesa: PC3L (ndiyo DDR3L), si PC3 peke yake.

Muuzaji naye hasemi uongo. Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya mashini) na, upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache. Hiyo 840 G1 iko nje. Watu wanailazimisha na inakubali, ila Microsoft haiahidi kuipatia masasisho. Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ingefaa, lakini Lightroom, programu ya kuhariri picha, haina toleo la Linux. Ongeza bawaba iliyolegea na bateri isiyoshika chaji, nawe umeme unakatika katikati ya kunakili ndoa nzima.

Mimi napima hivi: kitu ninachonunua kitahama nami mashini ikifa? SSD ya inchi 2.5 inahama, ikikosa nafasi kwenye laptopu mpya, inaingia kwenye kesi ya USB. Bareti ya DDR3 haihami, maana DDR4 ina pini 260, si 204. Kwa hiyo SSD nanunua mpya na nzuri. RAM natafuta iliyong'olewa kwenye mashini nyingine, na baada ya gigabaiti 8 nasimama.

Kwa kamera kipimo ni kilekile. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 inatumia kadi ya CompactFlash, aina ambayo kamera mpya zimeiacha. Kadi ya gigabaiti 16 inabeba RAW zaidi ya 500. Mbili za mkono wa pili zinatosha. Ingiza kadi taratibu, ina matundu 50, na pini moja ikipinda ndani ya kamera utamtafuta fundi wa kweli. Nikon D90 inatumia kadi ya SDHC, ambayo ukomo wake ni gigabaiti 32. Wapo wanaofomati ya 64 kwa FAT32, mpangilio wa faili wa zamani, ikakubali. Mimi siendi nayo kwenye ndoa ya mtu. Na zile megabaiti 170 kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kadi, kamera ya umri huo haizioni. Faida yake utaionja wakati wa kunakili tu, kama tundu lako la USB si la kizazi cha pili.

Hatari kubwa zaidi ni kadi bandia: imeandikwa 128, ndani ni 8, na kamera inaendelea kupiga bila kulalamika huku picha zikipotea. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, inaijaza kadi yote na kuisoma tena. Inachukua muda. Muuzaji akikataa mapema kurudisha iliyofeli, nenda duka la pili.

Diski ya zamani iliyotolewa usimwachie fundi kama nyongeza ya malipo. Itie kwenye kesi ya USB iwe nakala ya pili, kwa sababu SSD inaweza kufa bila hata kulia, wakati diski ngumu mara nyingi inagonga kwanza. Ukiamua kuiuza, ifute kabisa: fomati ya haraka inaacha picha za wateja wako mle ndani, na programu ya bure inatosha kuzirudisha.