Kompyuta Zinazowaka Zimefungiwa Stoo

Kuna shule moja ya sekondari, ukishatoka Uyole, Mbeya, kushika njia ya Tukuyu, imefunga chumba chake cha kompyuta. Umeme upo, na wezi hawajapita. Kompyuta zimebebwa zikapangwa stoo nyuma ya magunia ya mahindi, na mwalimu wa TEHAMA sasa anafundisha kwa chaki. Nilimkuta amechora kibodi ubaoni, herufi zote mpaka kitufe cha kufuta, na watoto wa kidato cha pili wananakili kwenye madaftari. Nikamwomba ufunguo wa stoo. Tukatoa mashine moja, tukaichomeka kwenye umeme wa ofisini, ikawaka. Ikafungua ukurasa wa kuandikia. Mwalimu akaandika jina la shule, akalifuta, akanitazama bila kusema neno.

Nilirudi mjini na hasira, na haijapoa mpaka ninapoandika haya.

Sababu waliyopewa ni kwamba mashine zile zimepitwa na wakati. Aliyekuja kuzikagua aliwaambia Windows 10, mfumo unaoziendesha, imefika mwisho, Windows 11 haiingii humo, basi hazifai. La kwanza ni kweli: Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. La pili nalo ni kweli: Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu) iliyomo kwenye orodha yao, na kwa upande wa Intel orodha hiyo karibu yote inaanzia kizazi cha nane, kilichoingia sokoni 2017. Kompyuta nyingi za mtumba zinazopanda huku kwetu ni za kabla ya hapo. Lakini kutoka kwenye kweli hizo mbili mpaka kufikia neno "hazifai" kuna hatua imerukwa, na anayeilipia ni mtoto wa mkulima wa viazi.

Tuanze na hili: zile kompyuta hazijapunguza mwendo hata kidogo. Zinafanya leo kile zilichofanya siku zilipotoka kiwandani. Kilichobadilika ni uzito wa mzigo tunaozitwisha.

Wanaotengeneza chipu wamefanya kazi yao kwa miaka zaidi ya hamsini, tena kwa namna ambayo sijui fani nyingine iliyoifikia. Gordon Moore aliandika mwaka 1965 kwamba idadi ya vijenzi kwenye chipu moja inaongezeka mara mbili kila mwaka, na 1975 akarekebisha ikawa kila miaka miwili. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista, yaani swichi ndogo za umeme, 2,300. Chipu ya M1 ambayo Apple iliitoa 2020 ina transista bilioni 16. Sasa niambieni, kama mambo ndivyo yalivyo, kwa nini kompyuta ya ofisi ya kata bado inachukua muda uleule kuwaka na kufungua barua? Nguvu yote hiyo imekwenda wapi?

Imeliwa na programu. Tazameni RAM peke yake, ile kumbukumbu ambayo programu inaitumia ikiwa imefunguliwa. Windows 95 ilitaka angalau MB 4. Windows XP ya 2001 ikataka MB 64. Windows 7 ya 2009 ikataka GB 1. Windows 11 inataka GB 4, na hicho ni kiwango cha chini ambacho kwa kazi za kila siku hakitoshi. Kutoka MB 4 mpaka GB 4 ni zaidi ya mara 1,000. Barua ya kuomba ruhusa haijawa ndefu mara 1,000. Orodha ya matokeo ya kidato cha nne ina majina na alama kama ilivyokuwa. Hesabu ya ada bado ni kujumlisha na kutoa. Mbio za kupunguza ukubwa wa transista zimetupanulia ghala kila msimu, na kila msimu ghala limejazwa pumba.

Niklaus Wirth, yule Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal, aliliona jambo hili mapema sana. Mwaka 1995 aliandika kwamba programu zinapoteza kasi haraka kuliko mashine zinavyoongeza kasi, akawasihi wenzake warudi kuandika programu nyembamba. Mwaka 1995! Alifariki Januari 2024, na mpaka anaondoka programu zilikuwa zimeendelea kunenepa.

Na unene huu una watu wanaouleta. Mwandishi wa programu anayeharakishwa na mwajiri wake hachongi kila kitu mwenyewe. Anachukua kifurushi kilichoandikwa na mwingine, nacho kimebeba vifurushi vingine ndani, na hakuna anayekagua ni kipi kinahitajika. Kuna programu za kutumiana ujumbe kwenye kompyuta ambazo ndani yake zimebeba kivinjari kizima cha intaneti ili tu zionyeshe maandishi na picha. Anayeandika anaokoa muda wake, na gharama inahamia kwa mwenye mashine: kwenye RAM yake, kwenye betri yake, kwenye bando lake. Mtu wa Makete anayefungua habari ya gazeti yenye aya sita anapakua kwanza matangazo, vifuatilizi na mapambo, na bando linakatwa kwa vyote hivyo, siyo kwa zile aya sita alizozitaka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Waliofanya programu ziwe nzito hawana simu dhaifu mkononi. Wanajaribu kazi zao kwenye mashine za mwaka huu, kwenye mtandao wa kasi, wanaona mambo yanakwenda, wanafunga kazi.

Kuna jingine ambalo wauzaji wa kompyuta hawapendi kulisema dukani. Tangu katikati ya miaka ya 2000 mwendo wa saa wa prosesa, yaani mapigo yake kwa sekunde, umekwama kwenye GHz (mapigo bilioni) chache, kwa sababu kuupandisha zaidi kunaleta joto lisilovumilika. Baada ya hapo wakaanza kupanga viini vingi, yaani sehemu za kufanyia hesabu, ndani ya prosesa moja. Vinasaidia sana anayehariri video. Anayejifunza kuandika kwa vidole kumi havimsaidii kitu. Hata hizo "nanomita 3" na "nanomita 2" zinazotangazwa ni majina ya kibiashara ya kizazi cha teknolojia. Hakuna sehemu ya transista ambayo ukiipima utaikuta na urefu huo.

Najua nitakachoambiwa: usalama. Nakubali, na ni hoja nzito. Kompyuta isiyopata masasisho ukiiunganisha na intaneti unaiweka hatarini, pamoja na taarifa za wanafunzi zilizomo. Lakini chumba kile cha kompyuta hakikuwa na intaneti siku nyingi za muhula. Na Microsoft yenyewe iliweka utaratibu wa kununua masasisho ya usalama ya ziada, na kwa taasisi za elimu bei ya mwaka wa kwanza iliwekwa dola 1 kwa kila mashine kupitia leseni za taasisi. Aliyekwenda kukagua hakuwaambia hilo. Hakuwaambia pia kuhusu Linux, mfumo unaoweza kuwekwa badala ya Windows, ambao kwa kawaida hauuzwi, inapata masasisho, na matoleo yake mepesi yanaingia kwenye mashine za zamani kuliko zile.

Hapa Mwanjelwa kuna kijana ambaye kazi yake kubwa ni hiyo. Anapokea kompyuta iliyotupwa, anatoa diski ya zamani inayozunguka, anaweka SSD (diski ya kasi isiyozunguka), anasafisha vumbi, anabadilisha gundi ya joto kwenye prosesa, anaweka Linux Mint na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na kupigia hesabu. Nimekaa kwenye benchi lake nikamwangalia akiifufua kompyuta ambayo mwenye nayo alikuwa ameileta kuuza kama vyuma. Dada mmoja anayechapa barua na kutoa kopi karibu na Kabwe anatumia mashine iliyotoka mikononi mwake. Wateja wanachapiwa mikataba ya viwanja, maombi ya kazi, ratiba za mazishi, wanalipa, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza prosesa ni ya kizazi gani. Nimemkutanisha kijana huyo na mwalimu mkuu wa ile shule. Bodi ya shule ndiyo itakayoamua, na naiomba ikae mapema, kwa sababu kidato cha pili hawatarudia mwaka huu.

Sisemi haya kwa kuudharau ufundi wa chipu. Nikisoma jinsi zinavyotengenezwa sasa, moyo unanienda mbio. Kampuni ya ASML kule Veldhoven, Uholanzi, inatengeneza mtambo unaodondosha matone ya bati yaliyoyeyuka, matone 50,000 kila sekunde, na kila tone linapigwa kwa leza mpaka linatoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5, mwanga ambao hata hewa inaumeza, kwa hiyo kila kitu kinafanyika ndani ya ombwe. Mwanga huo unaongozwa kwa vioo vya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani hadi kwenye sahani ya silikoni ili kuchora njia za umeme. Binadamu wamekaa miongo wakihangaika mpaka wakaweza. Kazi ya namna hiyo inastahili heshima, na kuiheshimu ni kuitumia kwa yanayohitaji nguvu hiyo: utabiri wa hali ya hewa, picha za hospitali, utafiti wa mbegu. Inastahili pia shukrani, maana bila chipu kuwa ndogo na kula umeme kidogo, mkulima wa Mbozi asingekuwa na simu inayokaa na chaji shambani, wala asingepokea malipo ya kahawa kiganjani. Hilo nalitoa bila ubishi.

Wala mbio hizi si za watu wa mbali. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba bonde la Rukwa, hapa jirani tu, lina gesi ya heliamu ambayo makadirio yao yaliiweka kwenye futi za ujazo bilioni 54. Heliamu inatumika katika viwanda vya chipu kupoza zile sahani za silikoni. Kwa hiyo ardhi yetu inaweza kuingia mwanzoni mwa safari ya chipu. Mwishoni tupo tayari: kompyuta zilizochoka kwingine zinaishia kwetu, na zikitushinda zinachomwa nyuma ya nyumba ili watoto waokote shaba. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Kila kompyuta inayotangazwa kufa kabla ya siku zake inaongezwa kwenye lundo hilo.

Kununua mpya nako kumekuwa kugumu zaidi. Viwanda vya RAM vimeelekeza nguvu kwa wanaojenga mitambo ya akili mnemba, na tangu mwishoni mwa 2025 bei imepanda vibaya.

Sasa niseme na vijana wetu wanaoandika programu, hasa nyinyi mliopo vyuo vya hapa Mbeya na Iringa, kwa sababu Veldhoven hawatanisikia lakini nyinyi mnaweza. Ninasaidia kutunza vitabu vya chama kimoja cha msingi cha kahawa. Msimu uliopita walikuja vijana na programu ya simu ya kurekodi kahawa inayopokelewa. Vijana wazuri, wana adabu, wanajua wanachofanya. Karani wetu akaipakua kwenye simu yake, ile ambayo chama kiliweza kumnunulia. Ilichukua bando la siku nzima kushuka. Ilipofunguka ikaonyesha picha ya shamba inayosogea, kisha ikaganda. Foleni ya wakulima ilikuwa imefika barabarani, wengine na debe kichwani tangu alfajiri. Karani akarudi kwenye daftari.

Niliwauliza wale vijana karani anahitaji kuandika nini. Wakanitajia: namba ya mkulima, kilo, daraja, tarehe. Mambo manne! Kompyuta za miaka ya 1970 zingeyahifadhi mambo hayo manne bila kutokwa jasho. Nikawauliza waliijaribu kwenye simu gani. Wakanionyesha simu zao, mpya, zinang'aa.

Wanangu, simu mnayopaswa kuijaribia ni ya karani. Nunueni kwa mafundi wa Mwanjelwa simu iliyopasuka kioo, yenye RAM ndogo na betri iliyochoka, muiweke mezani mnapofanyia kazi, na kila mnachoongeza kijaribiwe humo kwanza. Zimeni data muone kama programu inaendelea kupokea kilo na kuzituma baadaye mtandao ukirudi, maana kwenye vituo vya kupokelea kahawa mtandao unakuja na kuondoka. Ile picha inayosogea itoeni. Mkulima anataka kuona kilo zake zimeandikwa sawasawa, basi.

Wameahidi kurudi kabla kahawa haijaanza kuchumwa. Nimewaambia hatutaangalia maonyesho kwenye ukuta wala kwenye simu zao. Tutamkabidhi karani, pale kwenye mzani, foleni ikiwa imejaa, na tutasimama pembeni tuone kama anahitaji kulichukua lile daftari.